Unapiga Sana, Unaweka Wapi? Staa wa Smashi na Meza Moja ya Watoto

Klipu ilikuwa ya sekunde kumi na mbili tu, lakini mjini iliongelewa wiki nzima. Kaka mmoja wa Bongo Fleva, jina lake kapuni, anaruka mbele ya meza ya ping pong, kitambaa kichwani, raketi mpya mkononi, halafu anashusha smashi moja ya hatari mpaka mpira unagonga ukuta wa nyuma. Slomo ipo, wimbo wake mwenyewe unapiga kwa nyuma, makopa yanamiminika. "Mwamba hana mpinzani," akaandika mmoja. "Apelekwe Olimpiki huyu," akadakia mwingine.

Kuna kitu klipu haikuonyesha. Jioni hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo, staa alicheza na mzee mmoja mstaafu, mpole, anayekuja ukumbini na raketi ya zamani iliyoviringishwa kwenye taulo.

"Shikamoo mzee wangu. Leo nitakuonea huruma," alisema staa.

"Marahaba mwanangu. Anza wewe," akajibu mzee.

Seti ya kwanza 11–4. Ya pili 11–3. Ya tatu 11–5. Zote za mzee. Hakuruka hata mara moja na hakupiga smashi hata moja. Aliweka tu mpira: mmoja kona ya kushoto, mmoja kona ya kulia, mmoja kwenye kiwiko cha staa, mwingine mfupi karibu na wavu. Staa alikuwa anakimbia kama anafukuza kuku. Mshkaji wake aliyeshika simu aliizima katikati ya seti ya kwanza, na video hiyo mpaka leo haijaonekana popote.

Kufungwa sio aibu. Kila anayeshika raketi anafungwa, na kufungwa na mzee ni elimu ya bure. Aibu ni kilichofuata: klipu ya sekunde kumi na mbili ikageuzwa kuwa somo. Vijana wa mtaani wakaanza kufanya mazoezi ya kuruka. Na sasa hapa mjini kuna kizazi kizima cha wachezaji wanaojua kupiga, ila ukiwauliza "unapiga wapi?" wanakukodolea macho.

Nguvu bila anwani

Mpira wa meza una uzito wa gramu 2.7. Ni mwepesi kiasi kwamba hata upepo wa feni unausumbua. Mchezo wa kitu chepesi namna hiyo hauwezi kuwa mashindano ya misuli peke yake. Meza ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525. Gawanya upana huo kwa mbili, unapata sentimita 76 na kidogo. Mtu mzima akisimama katikati akanyoosha mkono wenye raketi, sehemu kubwa ya meza tayari anaifikia. Kwa hiyo ukimpigia mpira wa moto ukaenda pale pale alipo, umemrahisishia kazi. Anaweka raketi tu, na nguvu yako mwenyewe inakurudia ukiwa bado unashuka kutoka hewani.

Ni sawa na bodaboda anayekimbiza mzigo kwa spidi ya ajabu bila anwani. Mbio zote zile, pikipiki inanguruma, mafuta yanaisha, na mwenye mzigo bado anapiga simu kuuliza "uko wapi?"

Sasa angalia alichofanya mzee. Mchezaji yeyote ana sehemu tatu zinazomtesa. Ya kwanza ni pembeni kabisa upande wa kiganja. Ya pili ni pembeni kabisa upande wa mgongo wa mkono. Ya tatu ndiyo ambayo vijana wengi hawajui hata kama ipo: usawa wa kiwiko cha mkono ulioshika raketi. Mpira ukija pale, mtu lazima aamue haraka, apige kwa kiganja au kwa mgongo wa mkono? Na akishaamua, lazima ausogeze mwili mzima ndipo apate nafasi ya kupiga. Muda huo hana. Anajikunja, raketi inakwama tumboni, mpira unapaa juu. Hapo sasa hata mtoto anaweza kummaliza.

Halafu kuna hesabu ya pembe. Ukipiga moja kwa moja mbele, una mita 2.74 za meza. Ukipiga kutoka kona hadi kona, una kama mita 3.14. Hizo ni sentimita 40 za ziada, bure kabisa, ndiyo maana mpira wa mshazari ni salama zaidi. Na ukiulenga utoke kupitia ubavu wa meza badala ya mwisho wake, unazidi kumkimbia mpinzani kila sekunde inayopita. Mpira wa moja kwa moja nao una kazi yake: njia ni fupi, hatari ni kubwa kidogo, lakini mpinzani ana muda mdogo wa kujipanga. Mchezaji mwenye akili anachagua kati ya hivyo viwili. Mchezaji wa klipu hachagui chochote, mkono ndio unaomchagulia.

Waulize waliofika mbali

Watu wa klipu wana jibu lao: "Hayo ni mambo ya wazee. Mchezo wa siku hizi ni spidi."

Haya. Jan-Ove Waldner wa Sweden alichukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992. Mwaka 2004 akaenda Athens akiwa na miaka 38, umri ambao mastaa wa hapa wanasema wamestaafu hata kucheza bonanza. Akamtoa Ma Lin wa China, kisha akamtoa Timo Boll wa Ujerumani, vijana waliokuwa miongoni mwa bora duniani, akafika nusu fainali. Misuli hakuwazidi. Aliwazidi kwa kuanzisha mpira kijanja na kuuweka pale wasipoutegemea.

Ni Xialian je? Mama huyu aliyezaliwa China na kuichezea Luxembourg aliingia Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 61, na akashinda mechi yake ya kwanza. Alitolewa na Sun Yingsha, aliyekuwa namba moja wa dunia. Miaka mitatu kabla, Tokyo, akiwa na miaka 58, alimpeleka binti wa Korea Kusini wa miaka 17 mpaka seti ya saba. Tafuta mechi hiyo uitazame. Mama miguu haitembei sana, binti ndiye anayekimbizwa huku na huku. Binti alishinda, ndiyo, ila alitoka jasho.

Kuna watakaomtaja Aruna Quadri wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki kwa mchezaji mmoja mmoja, Rio 2016. Huyo anapiga kweli kweli, hakuna ubishi. Nguvu ina nafasi yake, na anayesema haina anadanganya. Lakini huwezi kumtoa mtu kama Timo Boll, kama Quadri alivyofanya Rio, kwa kupiga hovyo. Kombora lake lina anwani. Kwanza anamvuta mtu upande mmoja, ndipo anaachia mkono. Mastaa wa mjini wameiba nusu ya pili na kuacha nusu ya kwanza.

Dakika tano zilizokula saa nzima

Kama ingekuwa klipu tu, yangeisha kwa kicheko. Tatizo ni ile meza.

Ukumbi wenyewe uko Kinondoni na una meza moja nzima. Ya pili imevunjika mguu, imeegemezwa ukutani. Kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni meza ni ya watoto, ndiyo makubaliano ya siku nyingi. Watoto kumi na kitu, meza moja, kila mmoja anapata dakika chache. Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, naye jina kapuni, ambaye huwa anafika mapema na karatasi mbili kwenye daftari lake. Anazibandika kwa selotepu kwenye kona mbili za upande wa pili wa meza, kisha anaanzisha mpira peke yake, mmoja baada ya mwingine, akihesabu ni mingapi imegusa karatasi. Hapigi kelele wala harekodiwi na mtu.

Staa na kundi lake wamekuja Jumamosi tatu mfululizo kurekodi. Taa, simu kwenye stendi, dada wa kupaka poda. Mara ya tatu saa kumi ikafika, ikapita. Binti akasogea.

"Shikamoo kaka. Saa yetu imefika."

"Marahaba dogo. Dakika tano tu, tunamalizia."

Dakika tano zikaenda mpaka karibu na adhana ya magharibi. Watoto wakakaa kwenye benchi wakitazama mtu mmoja akirudia smashi ile ile mara ishirini, huku mshkaji wake akimrushia mpira laini, juu, mahali pale pale. Ukitazama klipu kwa makini utaona: mpira uliopigwa haukutoka kwa mpinzani, umetoka kwenye mkono wa mtu anayesaidia kiki.

Kibaya zaidi kikaja baadaye. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya michezo, mwenye moyo mzuri bila shaka, alitaka kuwapa watoto wawili raketi nzuri, viatu, na nauli ya kwenda kushindana mkoani. Akaomba atumiwe video za watoto ili achague. Si ndiyo mtindo wa siku hizi? Wakachaguliwa vijana wawili wanaoruka vizuri kama staa. Binti wa karatasi, ambaye amewafunga wote wawili zaidi ya mara moja, video yake ilionekana "haina mvuto". Wale wawili wakaenda, wakatolewa raundi ya kwanza, wakarudi. Mmoja wao alisema kwa uchungu kwamba mpinzani wake "alikuwa anaweka weka tu, hachezi".

Hachezi! Mtu kakutoa mashindanoni, bado unasema hachezi. Hiyo sentensi ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtoto amefundishwa na simu kwamba kucheza ni kuruka, na kushinda bila kuruka ni ujanja ujanja.

Na wauza kozi nao

Kwenye tope hili wameota wafanyabiashara. Kuna kaka mmoja anajiita kocha, ana kundi la WhatsApp la kulipia, anauza "siri za smashi" kwa vijana ambao hata mpira mmoja kwenye kona hawawezi kuweka. Somo la kwanza smashi. La pili smashi ya kuruka. La tatu smashi ya kuruka ukiwa mbali na meza. Siku hadi siku hamna somo la kulenga, kwa sababu kulenga hakuuziki. Kulenga kunahitaji uvumilivu, karatasi na selotepu, na hakuna anayelipia karatasi.

Basi siri hiyo hii hapa, bila kulipia.

Chukua karatasi mbili za A4, zile za kawaida za stesheni. Weka moja kila kona ya upande wa mpinzani. Kama una mipira kumi, itie kwenye ndoo. Anzisha mpira mara ishirini ukilenga karatasi moja tu, taratibu, bila kuongeza nguvu. Hesabu kwa uaminifu. Usiongeze spidi mpaka upate angalau kumi na nne kati ya ishirini. Ukipata, kunja karatasi iwe nusu, uanze tena. Zoezi hili halihitaji mwenzako wala kocha, na karatasi hazidanganyi.

Ukimpata mwenzako, mwambie akupigie sehemu moja tu. Wewe rudisha mshazari mara kumi, kisha moja kwa moja mara kumi, kisha badilisha kila mpira. Baada ya hapo asimame kama kawaida, na wewe kazi yako ni kiwiko chake tu. Utashangaa jinsi sehemu hiyo ilivyo ngumu kuipata, kwa sababu haibandikwi karatasi. Inatembea na mtu. Lazima umwangalie yeye kabla ya kupiga, na hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza.

Mkizoea, fanyeni zoezi la Falkenberg, lililopewa jina la klabu ya Sweden. Mpira wa kwanza unakuja kona ya mgongo wa mkono, unaupiga kwa mgongo wa mkono. Wa pili unakuja kona hiyo hiyo, unazunguka na kuupiga kwa kiganja. Wa tatu unakwenda kona ya mbali upande wa kiganja, unaukimbilia. Anayekimbia anajifunza miguu, anayepiga anajifunza kulenga, wote mnapata.

Mwisho, chezeni seti yenye sheria yenu: pointi inahesabika tu kama mpira wa ushindi umegusa pembeni au umempata mtu kwenye kiwiko. Smashi ya katikati, hata kama imeshinda, sifuri. Seti mbili tatu za namna hiyo, na mtu anayetegemea nguvu tupu anaanza kutafuta maji ya kunywa.

"Mna wivu tu"

Jibu la mashabiki linajulikana kabla halijaandikwa. "Mna wivu." "Mwacheni mtoto wa watu ale maisha." "Si anautangaza mchezo?"

Kula maisha ruksa. Mtu akitaka kuruka mezani kwa raha zake, na meza iko wazi, aruke mpaka achoke. Mpira wa meza ni mchezo wa furaha na hakuna polisi wa smashi. Na kuutangaza mchezo ni jambo jema, kuna watoto waliingia ukumbini mara ya kwanza kwa sababu ya ile klipu. Sifa hiyo apewe, ni haki yake.

Lakini anayetangaza mchezo anawajibika kwa kile anachotangaza. Ukiwaita watoto waje mezani, halafu wakifika wakukute wewe ndiye umeikalia meza, umewatangazia nini? Ukiwaonyesha sekunde kumi na mbili za ushindi wa kuigiza na kuficha seti tatu za kipigo, umewafundisha kwamba kinachohesabika ni kile simu inachokiona. Huo sio mchezo, ni matangazo ya staa. Na gharama yake hailipi staa, analipa binti wa kidato cha pili ambaye raketi yake raba imeanza kubanduka.

Naye mfanyabiashara wa vifaa, kwa heshima zote, safari ijayo asiombe video. Aje ukumbini Jumamosi saa kumi, akae kwenye benchi na wale watoto, atazame nani anashinda na anashinda vipi. Ni nauli ya daladala tu.

Kwa staa, changamoto ni nyepesi, haihitaji taa wala poda. Karatasi mbili za A4, kona mbili, mipira ishirini, simu moja isiyokatwa katikati. Aposti matokeo yoyote yatakayotoka. Akipata kumi na nne, mji mzima umpigie makofi. Akipata nne, pia apigiwe makofi, kwa sababu atakuwa amewafundisha watoto kitu cha kweli kwa mara ya kwanza. Ila afanye Jumapili. Jumamosi saa kumi meza ina wenyewe.

Mzee naye bado anakuja kila jioni, na taulo lake. Juzi alionekana amesimama pembeni ya binti, akinyoosha kidole kwenye ile karatasi.

"Umegusa mingapi, mjukuu wangu?"

"Kumi na sita, babu."

"Basi ikunje."

Mdau, wewe kwenye meza ya mtaani kwenu unapiga au unaweka? Dondosha maoni hapo chini, na kama una klipu, iwe ya seti nzima.